Setilaiti inaonyesha mbuga imekauka. Je, inaonyesha nani kaikausha?

Asubuhi moja ya mwezi Septemba, katikati ya kipindi, mzee mmoja alitupigia simu kutoka wilaya ya Itilima. Alitusalimia kwa "mwangaluka", tukaitikia, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. "Wanangu, ninyi mnaotangaza habari za dunia nzima, hebu tuambieni. Mbuga yetu imekauka kwa sababu mvua zimepungua, au kwa sababu ya wenye majaruba kule juu? Maana hapa kijijini tumefika mahali pa kugombana."

Kabla hatujajibu, kijana mmoja akapiga kutoka Bariadi mjini. Yeye alikuwa na dawa tayari: itafutwe picha ya setilaiti, ubishi utaisha siku hiyo hiyo.

Tuliahidi kulifuatilia suala hili na kuliandikia, kwa sababu dakika tatu za redio hazilitoshi. Tumesoma, tumeuliza, na tumejifunza kufungua picha hizo wenyewe. Kijana yule alikuwa sahihi kwamba picha zipo, tena bila malipo. Ila kuhusu ubishi kuisha siku hiyo hiyo, tuna hadithi ya kusimulia, nayo inawahusu hata ndugu zetu waliohama na mifugo kutoka huku Usukumani.

Mbuga tunayoizungumzia ni ipi?

Tunaposema mbuga hapa, msomaji wa mbali asifikirie hifadhi ya wanyama. Kwa Wasukuma mbuga ni lile bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi ambalo wakati wa mvua hujaa maji na matope, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutosha kumeza mguu. Humo ndimo tunamolima mpunga kwenye majaruba, na humo ng'ombe hupata majani mabichi wakati malisho ya juu yamekwisha.

Wataalamu huziita sehemu hizi ardhi oevu, pamoja na vinamasi vya matete na mafunjo, kingo za mito, na mwambao wa ziwa kama ule wa Ghuba ya Speke wilayani Busega. Kazi yake ni kama ya sifongo. Hunyonya maji ya mvua kwa kishindo, kisha huyaachia polepole. Mto Simiyu, uliolipa jina mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012, ni mfano mzuri wa mto unaoihitaji sifongo hiyo. Wakati wa mvua hufurika hadi kutisha. Kiangazi sehemu zake nyingi hubaki mchanga mtupu, na watu hufukua mchanga huo kutafuta maji ya ndoo moja.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000, na maeneo yetu manne yako kwenye orodha ya dunia: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja lililoko Simiyu. Ripoti ya mkataba huo ya mwaka 2018 ilisema dunia imepoteza takriban asilimia 35 ya ardhi oevu zake za asili kati ya mwaka 1970 na 2015. Mbuga ndogo ya kijiji haimo kwenye orodha ya Ramsar, lakini kamera zilizoko angani huipiga picha sawasawa na Kilombero.

Kamera hizo zinaona nini?

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, ya Marekani, ilirushwa Julai 1972. Tangu wakati huo zimefuata nyingine, na leo zinazofanya kazi ni pamoja na Landsat 8 na Landsat 9. Kila moja hurudi juu ya eneo lilelile baada ya siku 16. Ulaya nayo ilianza kurusha Sentinel-2 mwaka 2015, na kwa kuwa zinafanya kazi mbili kwa pamoja, hupita juu yetu takriban kila baada ya siku tano.

Picha ya setilaiti imeundwa na vipande vya mraba vinavyoitwa pikseli. Pikseli moja ya Landsat ya sasa ni mita 30 kwa 30. Ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10 kwa rangi tunazozihitaji hapa. Tuliweke hilo kwa lugha ya mkulima: ekari moja ina pikseli nne na nusu za Landsat, au kama 40 za Sentinel-2. Lambo la nusu ekari litaonekana kwenye Landsat kama madoa mawili tu, na hapo ni rahisi kukosea. Kwenye Sentinel-2 utapata madoa 20, na umbo lake utalitambua.

Uwezo mkubwa wa kamera hizi ni kuona mwanga ambao macho yetu hayauoni, unaoitwa infraredi. Majani mabichi huurudisha mwanga huo juu kwa wingi sana. Maji huumeza karibu wote. Kwa hiyo kompyuta hufanya hesabu rahisi kwa kila pikseli: inachukua mwanga wa kijani, inatoa infraredi, kisha inagawa kwa jumla ya hiyo miwili.

Tuchukue mfano. Tuseme pikseli ya kwanza imerudisha asilimia 8 ya mwanga wa kijani na asilimia 3 ya infraredi. Nane toa tatu ni tano; gawa kwa kumi na moja, unapata karibu 0.45. Jibu liko juu ya sifuri, na kwa kawaida hayo ni maji. Pikseli ya pili imerudisha asilimia 8 ya kijani na asilimia 40 ya infraredi. Nane toa arobaini ni hasi 32. Gawa kwa 48, unapata karibu hasi 0.67. Hayo ni majani. Hesabu hii ilipendekezwa na mtafiti S. K. McFeeters mwaka 1996, na mpaka leo inatumika, pamoja na nyingine zilizoiboresha.

Baada ya hapo ni kuhesabu madoa ya maji. Yakiwa 4,000 ya Sentinel-2, ni ekari 100 hivi. Mwaka unaofuata, mwezi uleule, yakiwa 2,000, nusu ya maji yaliyokuwa wazi haipo.

Mwaka 2016 wanasayansi wa Umoja wa Ulaya, wakishirikiana na Google, walichapisha ramani ya maji ya dunia nzima kwa kupitia picha milioni tatu za Landsat za tangu 1984. Ramani hiyo iko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, na inaonyesha wapi maji hukaa mwaka mzima, wapi hukaa msimu tu, na wapi yalikuwapo yakaondoka.

Mahali ambapo picha hudanganya

Sasa tunaingia kwenye sehemu ambayo kijana wetu wa Bariadi aliiruka.

Kosa la kwanza ni la msimu. Ukichukua picha ya Aprili ya mwaka mmoja na ya Septemba ya mwaka mwingine, utatangaza msiba usiokuwepo. Kila mbuga ya Simiyu hukauka kati ya Juni na Septemba, tangu enzi za mababu. Linganisha Septemba na Septemba.

Kosa la pili ni la mwaka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilijaza kila shimo Afrika Mashariki. Ukianza hesabu yako hapo na kuimalizia kwenye ukame wa 2005 na 2006, mstari utashuka kama jiwe kisimani. Mtu anayetaka kuthibitisha jambo alilokwisha kuliamini anaweza kuchagua miaka miwili inayomfaa. Picha mbili hazitoshi. Zinahitajika za miaka mingi, ya mvua na ya ukame, na pembeni yake takwimu za mvua.

Kosa la tatu linatuhusu sisi hasa. Udongo wetu ni mweusi, na ukilowa huwa mweusi zaidi. Sehemu iliyochomwa moto kuandaa shamba ni nyeusi pia, na kivuli cha wingu vilevile. Macho yakiitazama picha kutoka juu yanaweza kuyaita yote hayo maji. Kinyume chake, kinamasi kilichofunikwa na matete kinaweza kuwa na maji ya kufika magotini, na setilaiti ikaona majani tu. Ndiyo maana wataalamu huongeza picha za rada, kama za Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu na kwa kiasi fulani majani. Na ndiyo maana huvaa mabuti wakaenda kukanyaga.

Kosa la nne ni la kumbukumbu yenyewe. Picha za miaka ya 1970 zilikuwa na pikseli za takriban mita 80. Landsat 7 iliharibika kifaa kimoja Mei 2003, na picha zake za tangu hapo zina mistari mitupu isiyo na taarifa. Mbuga ya kijiji inaweza kuangukia kwenye mistari hiyo.

Kilichotokea Usangu

Hadithi tuliyoahidi inatoka mbali na Bariadi, kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, lakini wasikilizaji wetu wengi wana mjomba au kaka aliyewahi kufika huko na ng'ombe zake.

Usangu ina kinamasi kiitwacho Ihefu. Mito inayotoka milimani huingia humo, na maji hutokea upande wa pili mahali paitwapo Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya kizingiti, Mto Ruaha Mkuu hutiririka kwenda Hifadhi ya Ruaha, kisha Bwawa la Mtera, ambako huzalishwa umeme. Yakishuka chini ya kizingiti, mto hukatika. Tangu mwaka 1993 hivi, mto huo uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukauka ndani ya hifadhi kila kiangazi.

Taifa lilikuwa limeonja mgao wa umeme, na kila mtu alitafuta wa kumlaumu. Mwaka 2006 serikali ilitangaza hatua za haraka za kulinda vyanzo vya maji, na kati ya mwaka huo na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Miongoni mwao walikuwamo Wasukuma wengi. Ng'ombe wengine walikufa njiani, wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa.

Mwaka huohuo wa 2006, Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji ilichapisha utafiti wa Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake. Hawakutegemea picha peke yake. Walichukua vipimo vya mtiririko wa mito, ukubwa wa kinamasi, mvua na maji yanayopotea hewani, wakavijumlisha kama mhasibu anavyofunga vitabu. Waliona kwamba kati ya 1958 na 2004 maji yanayoingia kinamasini kiangazi yalipungua kwa takriban asilimia 70, na eneo la kinamasi la kiangazi likapungua kwa karibu asilimia 40. Sababu kubwa waliyoitaja ni binadamu kuchukua maji mtoni, hasa kwa kilimo cha umwagiliaji.

Hatusemi ng'ombe hawana athari. Wanakunywa, wanakanyaga, wanamaliza majani. Wala hatutaki sasa kumgeuzia kibao mkulima wa mpunga, kwa sababu wali wa Mbeya tunaula sote. Tunachosema ni kwamba ukiitazama Ihefu kutoka angani unaona kinamasi kimenywea na kandokando yake kuna ng'ombe. Mfereji unaochukua maji kilomita nyingi juu hauko kwenye kona hiyo ya picha. Aliyekuwa karibu na maji ndiye aliyeonekana, na ndiye aliyeondoka. Mto haukupona kwa sababu hiyo: hata mwishoni mwa mwaka 2022 Ruaha Mkuu ulikatika tena.

Na kinyume chake, Mara

Ukipanda gari Bariadi ukapita Lamadi kuelekea Musoma, utafika Mto Mara. Chini yake kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo kabla mto haujaingia Ziwa Victoria. Watafiti walipolinganisha picha za setilaiti za 1973 na za 2000, walikuta kinamasi hicho kimepanuka mara kadhaa.

Mtu wa haraka angesema basi, mazingira ya Mara ni salama. Lakini watafiti walieleza kwamba kukatwa misitu na kulimwa kwa ardhi ya juu, upande wa Kenya na Tanzania, kulileta mafuriko na tope lililojaza mlango wa mto. Wengine wamekumbusha jambo lingine: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili, na ziwa likipanda husukuma maji ya mto nyuma. Wenzetu wa Busega wanalijua hilo, maana mwaka 2020 ziwa lilipanda tena na kuingia mashambani na kwenye nyumba za watu mwaloni.

Kwa hiyo kinamasi kinachopungua kinaweza kuwa kimenyang'anywa maji, na kinachopanuka kinaweza kuwa kimejazwa udongo wa mashamba ya wengine. Picha zote mbili husomwa kwa kupanda mto kwenda juu, kuuliza kinachofanyika huko.

Kijiji kifanye nini?

Kwa nini tunayaandika haya sasa? Kwa sababu maji yetu yanagombewa zaidi kila mwaka. Pampu za kumwagilia bustani zinaongezeka kandokando ya mito, majaruba yanashuka hadi katikati ya mbuga, na malisho yanabanwa. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu, uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa ushirikiano na benki ya maendeleo ya Ujerumani, utapunguza dhiki ya maji ya nyumbani. Mbuga za kulimia na kulishia zitabaki vilevile mikononi mwa vijiji.

Siku moja afisa, mtaalamu au mtu wa mradi atakuja kwenye mkutano wa kijiji na picha yenye rangi nzuri, aseme mbuga imepungua na fulani aondoke. Asikatiwe kauli. Aulizwe mambo manne kwa heshima. Picha hizi ni za mwezi gani, na zote ni za mwezi mmoja? Ni za miaka mingapi, na mvua ya miaka hiyo ilikuwaje? Nani alikuja kukanyaga hapa kuthibitisha kwamba kilicho cheusi ni maji na kilicho kijani si maji yenye matete? Na huko juu ya mto, nani anachukua maji, kwa kibali gani, kiasi gani, na mwezi gani?

Swali la mwisho lina mwenyewe wa kulijibu. Vibali vya kutumia maji ya mito yetu inayomwagikia ziwani hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Mwanza. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa kuwa eneo la kulindwa, na mita hizo humhusu mwenye jaruba, mwenye pampu na mwenye ng'ombe kwa pamoja.

Tunavyo pia vya kwetu. Wazee wetu walikuwa na ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Programu ya HASHI iliyoanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu bado zikiwa mkoa wa Shinyanga, iliufufua utaratibu huo, na mamia ya maelfu ya hekta zikarudishiwa uoto. Watu wa mkoa huu wanajua kukubaliana kufunga eneo na kulifungua kwa zamu.

Jibu letu kwa mzee

Tulimpigia mzee wetu wa Itilima baada ya wiki kadhaa. Alikuwa ametueleza mbuga ilipo, nasi tulifungua picha za Sentinel-2 za kila Septemba tulizozipata tangu setilaiti hiyo ianze. Tulimwambia tulichokiona: miaka mingine kuna ukanda mwembamba wa maji, miaka mingine hakuna kitu, na sehemu ya juu mistari ya majaruba inaongezeka. Tukamwambia pia kwamba miaka ile ambayo hatukuona maji, baadhi yake mvua zilikuwa haba.

"Kwa hiyo hamjui," akasema.

Tukamjibu kwamba kutoka ofisini hatuwezi kujua, lakini tunajua pa kutazama: mfereji wa juu, mwezi wa Julai, siku ambayo maji ya kwanza hukatika chini. Mtu mmoja wa juu na mmoja wa chini wakienda pamoja, wakapima kwa kijiti chenye alama kila wiki, watakuwa na jambo ambalo setilaiti haina.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunaweza kumtangazia mkutano. Tulimtangazia.